Kodiani na Wenzake

Wanaokwenda kuchagua kodiani mpya iliyoundwa kwa mkono, wengi huanza na mbao. Nimewatazama katika karakana za kusini-magharibi mwa Louisiana, nchi ya Wacajun. Mtu akiingia tu, macho yanakwenda rafuni, mkono unapapasa ubao uliopigwa msasa na vanishi mpaka ukaakisi dirisha, na swali la kwanza linakuwa mti gani huu, na hizi nakshi za lulu pembeni zinaongeza bei kiasi gani. Siwalaumu. Chombo cha maelfu ya dola lazima kipendwe na macho pia. Lakini mbao ndiyo sehemu ya kodiani isiyomhitaji mtu mwingine yeyote. Mengine yote, kuanzia ufunguo wake hadi namna vilimi vyake vinavyotyuniwa, yanamtegemea aliyekaa kiti cha pili, na huyo ndiye wa kuanza naye.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nimekulia katika nyumba ambayo kodiani ililala juu ya kabati la nguo, ndani ya sanduku lake, na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa. Ilikuwa ya ami yangu, mpigaji katika kikundi kimoja cha taarab. Ile ilikuwa kodiani kubwa, yenye vibonyezo vya piano upande wa kulia na safu za vitufe vya besi upande wa kushoto. Usiku wa mazoezi ilikaa kati ya fidla na ganuni, udi mbele yake, dumbaki nyuma, na ami aliipiga kwa upole hata mgeni angeweza kusikiliza wimbo mzima asijue kwamba ipo. Alijaza nafasi iliyobaki baina ya fidla na mwimbaji, basi. Utotoni nilidhani hiyo ndiyo kazi ya kodiani duniani kote.

Uuguzi ndio ulionipeleka Lafayette, Louisiana, na huko nikaikuta kodiani ya namna nyingine kabisa. Ni kisanduku kidogo cha mbao, cha kupakatwa. Kulia kina vitufe kumi katika safu moja. Kushoto vipo viwili tu, kimoja cha besi na kimoja cha noti zinazolia pamoja, na kando yake kitufe cha kupitishia hewa kwa dole gumba. Juu vimesimama vizibo vinne vyenye vichwa vya mviringo; ukivuta kimoja unafungua safu nzima ya vilimi vya chuma, ukikisukuma unaifunga. Kila kitufe kina noti mbili, moja ya kusukuma mvukuto na moja ya kuvuta, kwa kanuni ile ile ya kinanda cha mdomo. Na kila noti huimbwa na vilimi vinne kwa pamoja: kimoja cha sauti nzito, viwili vya kati, kimoja cha sauti nyembamba. Upande wa kulia peke yake una vilimi 80. Mwaka 1990 jimbo la Louisiana lilikitangaza kisanduku hiki kuwa ala yake rasmi ya muziki, na hakijifichi nyuma ya mtu. Nilipokisikia mara ya kwanza, katika ukumbi mmoja wa dansi huko Breaux Bridge, nilishtushwa na ukali wake. Kilikata kelele za viatu, za watu na za vyombo vya jikoni, kikafika mlangoni kikiwa kizima.

Ukali huo una asili yake. Wahenga wa Wacajun ni Waacadia, Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kuanzia mwaka 1755 kutoka eneo ambalo leo ni Nova Scotia, Kanada. Waliofika Louisiana walicheza kwa fidla. Kodiani ilikuwa hata haijabuniwa. Hataza ya kwanza ya chombo chenye jina hilo aliipata Cyrill Demian mjini Vienna mwaka 1829. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo zilipopendwa zile ndogo nyeusi za Kijerumani, Monarch na Sterling. Dansi ilifanywa majumbani, samani zikitolewa nje ili watu wapate nafasi, bila umeme wala kipaza sauti. Fidla moja ilizama katika vishindo vya miguu, kodiani haikuzama. Lakini kodiani ya safu moja haina noti zote. Nyimbo za fidla zilizohitaji noti zisizokuwamo zilianza kuachwa, na zilizobaki zikanyooshwa zikubaliane na vitufe kumi. Mgeni aliingia nyumbani mwa fidla akampangia kila mtu pa kukaa.

Kisha mgeni mwenyewe akakaribia kutoweka. Miaka ya 1930 bendi za nyuzi, zenye fidla na gita, zilichukua kumbi, na vita vya pili vya dunia vikakata biashara na Ujerumani. Mwaka 1948 kijana mmoja aliyekuwa karibu kipofu, Iry LeJeune, alirekodi waltzi ya kodiani iitwayo "La Valse du Pont d'Amour", na watu wakaitamani tena sauti ile wakati hasa ambapo kodiani nzuri hazikuwa zikipatikana. Zilizopo zilikuwa zimechoka, na mpya za kiwandani hazikuwaridhisha wapigaji. Kwa hiyo mafundi wa huko wakazifungua zile kuukuu za Kijerumani na kuzipima kipande kwa kipande. Sidney Brown wa Lake Charles anatajwa kuwa wa kwanza kuziunda Louisiana, akitumia vipuri vya kodiani za Hohner pale alipokosa vyake. Baadaye Marc Savoy alifungua duka lake nje ya mji wa Eunice, mwaka 1966, na duka hilo likawa pia mahali pa watu kukaa pamoja kupiga muziki asubuhi za Jumamosi. Naipenda sana habari hii. Watu waliokosa kitu walichokihitaji ili waendelee kucheza pamoja walikaa chini wakakiunda.

Mimi nilianza na kodiani ya kiwandani ya bei ndogo, na ilinitosha kujifunza nayo vidole viende wapi. Nilikuwa na bahati kubwa zaidi ya chombo: jirani. Ni bibi mjane, mpiga fidla, aliyekulia katika mashamba ya mpunga ya upande wa Crowley. Kifaransa ndicho alichozungumza nyumbani mpaka alipopelekwa skuli, na skuli alichapwa kwa kukizungumza, kwa sababu katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilikuwa imeamuru masomo yawe ya Kiingereza tu. Aliponisimulia nilimwambia kwamba kwetu Afrika ya Mashariki nako wapo watoto waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama zao ndani ya uzio wa skuli. Aliweka fidla chini, akanishika mkono. Tangu siku hiyo mimi namwita Bibi, na yeye ananiita binti yake mbele za watu.

Jioni, zamu zangu zikiruhusu, tulikaa barazani kwake. Yeye alipiga na kuimba, mimi nilimfuata. Wakati mwingine alikuja kijana mmoja wa mtaani na gita lake. Ile kodiani yangu ya kiwandani ilianza kunitaabisha hapo, si nilipokuwa peke yangu chumbani. Peke yangu ilikuwa chombo cha kawaida tu. Ikikaa na fidla ya Bibi, noti fulani zilisuguana, na kila nilipoongeza nguvu msuguano ulizidi. Bibi hakusema kitu, lakini niliona anavyoupunguza upinde wake ili kunikwepa, na moyo uliniuma kuona mtu wa ustadi ule akijipunguza kwa ajili ya chombo kisichomsikiliza.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, upande wa Eunice, naye kabla ya kodiani alikuwa mchomeleaji vyuma katika visima vya mafuta. Nilikuwa nimeandaa maswali mengi kuhusu mbao na vilimi. Hakuyangoja.

"Unapiga na nani?"

Nikamweleza habari za Bibi, fidla yake na baraza lake.

"Anayeimba nani?"

"Yeye yeye."

"Basi mlete, na fidla aje nayo. Mbao tutazizungumza siku nyingine."

Siku niliyomleta Bibi, fundi alimkalisha kiti kizuri cha pale karakanani, akamnywesha kahawa nzito ya Louisiana, wakazungumza Kifaransa chao kwa muda mrefu, kuhusu mvua na mpunga na nani wa nani. Mimi nilikuwa na haraka, lakini nilielewa kwamba kazi imeshaanza: fundi alikuwa anasikiliza sauti yake ikiwa imetulia. Kisha akashusha kodiani moja ya ufunguo wa B bemoli, moja ya C na moja ya D, akampigia waltzi ile ile kwa kila moja na kumwomba aimbe. Kwa B bemoli sauti ya Bibi ililala, maneno yakapoteza makali. Kwa D alifika juu, lakini kwa kujikaza mno, na mishipa ya shingo ilionekana. Kwa C alisimama bila kujijua.

Kodiani nyingi za Wacajun ni za C, na mgeni anaweza kuchukua hiyo kwa sababu tu ndiyo wanayochukua wengi. Ukimtazama mpiga fidla unaona sababu yenyewe. Bibi huzilegeza nyuzi zake zote nne kwa sauti moja nzima, kwa hiyo badala ya G, D, A na E fidla yake inakuwa F, C, G na D. Kwa njia hiyo vidole vyake vinapiga kama alivyozoea kupiga katika D, nyuzi tupu zinavuma chini ya wimbo, na kinachotoka ni C, sawa na kodiani. Fidla iliyolegezwa hivyo hupata sauti nzito, yenye majonzi kidogo, nami sasa nikisikia fidla ya kawaida katika wimbo wa Wacajun naona kitu kimepungua. Wapigaji wa fidla walikubali kulegeza nyuzi zao ili kodiani iwe na pa kukaa. Mwenye kodiani naye ana la kutoa.

La kutoa liko katika noti ya tatu. Katika ufunguo wa C noti hiyo ni E. Piano na gita hupangwa ili zipige funguo zote kwa usawa, na gharama ya usawa huo ni kwamba noti ya tatu inakaa juu kidogo kuliko pale ambapo sikio lingeipenda ikilia pamoja na C na G. Kodiani ya safu moja haina haja ya kulipa gharama hiyo, maana haihami ufunguo. Nusu-sauti ikigawanywa sehemu 100, fundi huishusha E kwa karibu sehemu 14, na zile noti tatu zikilia pamoja huacha kugombana zikawa kitu kimoja kilichotulia. Fidla haina vyuma shingoni, na kidole cha mpigaji mwenye sikio hukwenda chenyewe mpaka hapo. Kidole cha Bibi kilikuwa kikienda hapo maisha yake yote. Kodiani yangu ya kiwandani ilikuwa imetyuniwa kwa kufuata piano, na ule msuguano wa barazani ulikuwa huo: yeye alikuwa mahali pake, chombo changu sehemu 14 juu yake.

Fundi hakutueleza haya kwanza. Alipiga kodiani mbili za C, moja ya mtindo wa piano na moja yenye noti ya tatu iliyoshushwa, akamwacha Bibi atie fidla yake juu ya kila moja. Kwa ya pili Bibi alifumba macho akaongeza upinde mpaka nikausikia ukisugua. Hapo ndipo fundi alipotoa kipimo cha noti akanionyesha tarakimu. Kisha akauliza habari za kijana wa gita. Gita lina vyuma shingoni, E yake haishuki, na mbele ya kodiani ya namna hii mpigaji hujifunza kuigusa noti hiyo kwa wepesi au kuiacha kabisa. Kijana huja mara chache, nikasema. "Basi tunamfuata Bibi," akasema fundi, na jambo likaisha.

Nilimkumbuka ami yangu wakati ule. Taarab ya Unguja imechota mengi kutoka bendi za Misri, na Misri wapo wapiga kodiani waliokwangua vilimi vya vyombo vyao vya Ulaya ili vitoe robo-sauti za maqamu ya muziki wa Kiarabu, kusudi kodiani iweze kukaa na udi na nai bila kuziharibia. Kairo na Eunice hazijuani. Lakini katika miji yote miwili mtu alikaa na tupa ndogo mkononi, akatoa vumbi la chuma lisiloonekana, kwa sababu mwenzake anaimba noti ambayo kiwanda hakikuijua.

Baadaye tulizungumza vile vilimi viwili vya kati. Vikitofautiana kidogo, sauti hutetema, na wapiga kodiani wa Paris wanaupenda sana mtetemo huo. Wacajun wengi huutaka uwe mdogo au usiwepo kabisa. Fidla huteleza kutoka noti hadi noti, na ukiongeza juu yake kodiani inayotetema, msikilizaji hajui tena noti iko wapi. Nilichagua karibu na sifuri. Kuna wanaosema sauti hiyo ni kavu. Kwa sikio langu ni sauti inayomwachia mwenzake nafasi.

Kwenye ukuta wa karakana, juu ya meza ya kutyunia, ilitundikwa picha ya kijana mweusi. Ni Amédé Ardoin, Mkrioli wa Louisiana aliyerekodi kati ya mwaka 1929 na 1934, na katika rekodi zake nyingi mpiga fidla ni Dennis McGee, mzungu. Ukizisikiliza huwezi kuwatenga. Kodiani na fidla zinabebana na sauti ya Ardoin inalia juu yao. Walipiga pamoja katika dansi za weusi na za weupe, wakati ambapo sheria na desturi za Louisiana ziliwatenga watu hao katika karibu kila jambo jingine. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, katika dansi ya weupe, mwanamke mzungu alimpa Ardoin leso ajifute jasho, na kwa sababu hiyo wanaume wakamvizia njiani wakampiga mpaka akili yake ikaharibika. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Pineville. Nyimbo zake ni msingi wa muziki wa Wacajun na pia wa zydeco ya Wakrioli weusi, na hakuna mpigaji wa kweli wa upande wowote asiyezifahamu.

Nilisimama mbele ya picha ile kwa muda. Mimi ni mwanamke mweusi kutoka ng'ambo ya bahari mbili, na nilikuwa nimekuja pale na bibi wa kizungu anayeniita binti. Swali la fundi, unapiga na nani, ambalo nililichukua kama la kiufundi, katika nchi ile liliwahi kumgharimu mtu maisha yake. Bibi alikuja akasimama kando yangu. Alisema, "Bila huyu, mimi na wewe hatuna la kupiga." Fundi aliendelea na kazi yake bila kugeuka, nami nilijua kwamba picha ile haikutundikwa kwa ajili ya wageni.

Kuhusu kuikagua kodiani yenyewe, nitasema yale niliyofundishwa na kuyaona yakifaa. Ishike upande wa vitufe, uuache upande wa besi uning'inie bila kubonyeza chochote. Mvukuto ufunguke polepole mno. Ukishuka ghafla, hewa inavuja. Funga vizibo vitatu, acha kimoja, kisha pita kitufe kimoja kimoja, ukisukuma na ukivuta, kwa pumzi ndogo kabisa. Kilimi kizuri huamka papo hapo, hata kile kizito cha chini. Rudia kwa nguvu zako zote, na kisikabwe. Jambo hili halina jibu moja kwa watu wote: ncha ya kilimi ikiinuliwa sana juu ya bamba lake huchelewa kuamka na kula hewa nyingi, ikilala mno hukabwa kwa msukumo mkali. Anayepiga katika ukumbi wenye wachezaji mia anahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko anayepiga barazani na bibi mmoja. Fundi alinitazama nikipiga, akaona mkono wangu si mzito, akaviweka vilimi vyangu kwa mkono huo. Duka haliwezi kukufanyia hivyo, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kulipia kazi ya mkono.

Vilimi vyenyewe hutoka Italia, wengi wakiagiza Castelfidardo, mji unaoishi kwa kodiani. Vilivyo bora ni vya feleji iliyopashwa moto mpaka ikawa ya buluu, vimepigiliwa juu ya mabamba ya alumini ngumu, kisha fundi anavigandisha ndani kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Kama fedha yako ina mpaka, imalizie hapo. Nakshi zinaweza kusubiri.

Mwisho ndipo tulipofika kwenye mbao, na hapo niliruhusiwa kuchagua kwa moyo. Mwili wa kodiani yangu ni wa mepo, mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, na nilipenda kwamba ni mti wa nchi walikotolewa Waacadia. Niliuliza pia habari za mpingo. Fundi alikuwa anaujua vizuri, maana klarineti na zumari nyingi za Ulaya huundwa kwa mti huo, na sehemu kubwa yake hutoka Tanzania. Alisema ni mzito mno kwa mwili mzima: mpingo huzama majini, na kodiani hupakatwa kwa saa nyingi. Lakini alikuwa na vipande vilivyobaki kwa mtengeneza klarineti mmoja, akavichonga vikawa vichwa vya vile vizibo vinne. Kila nikivivuta nagusa mti wa kwetu.

Nilingoja miezi mingi. Wapo wanaonunua iliyo tayari rafuni kwa sababu hawawezi kungoja, na wengine hupata nzuri kweli, hasa wakija na mwenzao wa kuisikiliza. Kuhusu kungoja sina zaidi ya hilo.

Ilipokuja, mvukuto wake ulikuwa mgumu na vilimi bado vilikuwa vikitafuta mahali pake. Hiyo ni hali ya kodiani yoyote mpya, na fundi aliniagiza niirudishe baada ya miezi kadhaa ya kuipiga ili aguse tena noti zilizohama. Alinikataza kabisa kuiacha ndani ya gari. Jua la Agosti la Louisiana huifikisha gari kwenye joto la kulainisha nta, na kilimi kikihama kiti chake kodiani nzima inalia vibaya.

Barazani kwa Bibi tofauti ilionekana usiku wa kwanza. Hakukwepa tena. Alipiga kwa upinde mzima, na nilipovuta ile noti ya tatu aliingia juu yake bila kutafuta. Nilianza kwenda naye kwenye mikutano ya wapigaji, ambako watu hukaa duara, fidla nyingi, gita, na pembetatu ya chuma ambayo zamani ilikunjwa kutokana na meno ya reki ya majani makavu. Desturi nzuri ya huko ni kwamba kodiani hupigwa moja tu kwa wakati, hata wakiwapo wapigaji kumi. Mbili zilizotyuniwa tofauti zingewaumiza wote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi unakaa na chombo kimefungwa mapajani, ukisikiliza, mpaka mtu akupe ishara. Nimejifunza nyimbo nyingi katika kukaa huko kuliko katika kupiga.

Binti yangu, mzaliwa wa Lafayette, ameanza kutaka ya kwake, na anataka ya D. Anaimba juu kuliko mimi na Bibi, na rafiki yake wa skuli anapiga fidla bila kulegeza nyuzi, kwa hiyo wote wawili D inawafaa. Bibi hakubali. Anasema fidla isiyolegezwa inapiga kelele tu, na kwamba huyo msichana alegeze nyuzi zake kama watu. Wameshazozana mezani kwangu, kwa Kiingereza na Kifaransa, na kila mmoja ana hoja. Mimi linalonishughulisha ni kaka wa huyo rafiki, mwenye gita, ambaye hakosi hata siku moja katika mazoezi yao. Kwangu mimi gita lilikuwa mgeni. Kwao ni mtu wa nyumbani, na noti ya tatu huenda ikabidi ishushwe kidogo tu, au iachwe ilipo. Fundi ametuambia tuwalete wote watatu, na Bibi amesema anakuja pia.